Parasha, ukurasa wa siku au havruta: uingie kusoma Torati kwa mlango upi?

Kila asubuhi, kabla ya kufungua kitabu, Myahudi anayeshika sala humbariki Mungu aliyewatakasa kwa amri zake "na kutuamuru kushughulika na maneno ya Torati". Neno la Kiebrania hapo ni laasok, na kutokana na mzizi huohuo limetoka neno esek, ambalo leo huko Israeli maana yake ni biashara. Mwenye duka ataielewa baraka hii upesi kuliko profesa. Duka halina siku ya kuhitimu. Unafungua asubuhi, unapanga bidhaa, unabishana bei, unafunga jioni, na kesho unafungua tena. Hata siku ambayo hukuuza kitu, ulikuwa dukani.

Nimetanguliza baraka hiyo kwa sababu wanaoniuliza waanzie wapi huuliza kana kwamba wanachagua kozi: ipi fupi, ipi rahisi, ipi itamaliza vitabu vingi. Maswali hayo nitayajibu. Ila katika dini ya Kiyahudi kusoma ni ibada kamili, inayosimama bega kwa bega na sala. Mishna, mkusanyo wa kale wa sheria za walimu wa Kiyahudi, katika kitabu cha Pea inataja mambo ambayo mtu hula matunda yake duniani na mtaji wake ukamsubiri akhera: kuheshimu baba na mama, kutenda wema, kupatanisha watu. Kisha inasema kusoma Torati kunalingana na hayo yote kwa pamoja. Kwa hiyo unapochagua namna ya kusoma, unachagua namna ya kuabudu. Uchague polepole.

Nitalinganisha njia tatu ambazo watu huzifuata kweli: parasha ya wiki, ukurasa wa siku wa Talmudi (Mishna pamoja na mijadala ya walimu juu yake) unaoitwa Daf Yomi, na havruta, yaani kusoma wawili wawili. Ili tusiongee hewani, nitaupitisha mstari mmoja katika milango yote mitatu. Ni Kumbukumbu la Torati 6:7, ambao waumini huutamka asubuhi na jioni ndani ya Shema, ungamo lao la imani: "nawe uwafundishe watoto wako kwa bidii, na kuyanena uketipo katika nyumba yako, na utembeapo njiani, na ulalapo, na uondokapo."

Parasha: kutembea na mwaka

Vitabu vitano vya Musa vimegawanywa katika mafungu 54. Kila fungu huitwa parasha na lina wiki yake. Wiki nyingine hubeba mafungu mawili ili mwaka utoshe. Mzunguko huisha kwenye sikukuu ya Simhat Torah, mwezi wa Septemba au Oktoba. Siku hiyo sinagogi husikia Musa akifa mlimani bila kuvuka Yordani, na papo hapo, bila hata wiki moja ya kupumzika, msomaji hufungua "Hapo mwanzo".

Talmudi inamtaka mtu aimalize parasha pamoja na jumuiya yake: maandiko mara mbili, tafsiri mara moja. Tafsiri iliyokusudiwa ni ya Kiaramu, ya Onkelos, ila wengi siku hizi husoma maelezo ya Rashi, mwalimu wa Troyes huko Ufaransa aliyeishi kuanzia 1040 hadi 1105. Parasha hugawanyika sehemu saba, kwa hiyo ukisoma sehemu moja kila siku, Jumapili hadi Sabato, hutalemewa.

Sasa tuchukue mstari wetu. Huo umo katika parasha ya Vaethanan, inayosomwa Julai au Agosti, Sabato inayofuata saumu ya kuomboleza Hekalu. Biblia zetu zinasema "kwa bidii". Kiebrania kinasema veshinantam, na Rashi anakuambia mara moja kwamba hili ni neno la ukali, la kitu kilichonolewa. Mzizi huohuo umo katika Zaburi 45, pale mfalme anapoambiwa kwamba mishale yake ni mikali. Rashi anafuata Talmudi: maneno haya yawe makali kinywani mwako, mtu akikuuliza jambo usigugumie. Bidii ni jasho. Ukali ni kazi ya tupa na jiwe la kunolea. Mimi nilikuwa nimeusoma mstari huu tangu utoto, na sikuwahi kuliona jiwe hilo mpaka Rashi aliponionyesha.

Nguvu ya parasha imo katika kurudi. Maneno ni yaleyale, wewe ndiye umebadilika. Parasha ya Vayera huishia na Isaka aliyefungwa juu ya kuni, na inayofuata, Haye Sara, huanza na kifo cha Sara. Rashi anauliza kwa nini mambo hayo mawili yamewekwa jirani, na anajibu kwamba Sara alipopata habari ya mwanawe, roho yake iliruka, akafa. Nilikuwa nimepita hapo mara kadhaa bila kusimama. Mwaka niliomzika mama yangu nilishindwa kuupita mstari wa kwanza wa Haye Sara kwa siku tatu. Hakuna mwalimu aliyenipangia somo hilo. Kalenda ndiyo iliyonifikisha.

Udhaifu wake ni kwamba mtu anaweza kukaa miaka ishirini na parasha akabaki juu juu, kwa sababu hadithi anazijua. Kujua hadithi hulaza akili.

Daf Yomi: kutembea na umma

Mwezi Agosti 1923, katika mkutano mkuu wa Agudath Israel, chama cha Wayahudi washika dini, mjini Vienna, rabi kijana wa Poland aitwaye Meir Shapiro alipendekeza jambo jepesi kulisema: Wayahudi wote wasome ukurasa uleule wa Talmudi ya Babeli siku ileile. Alitoa mfano wa msafiri anayepanda meli na kitabu cha Berakhot, akashuka New York, akaingia chumba cha kusomea na kukuta wageni wako kwenye ukurasa wake. Mzunguko wa kwanza ulianza Rosh Hashana, mwaka mpya wa Kiyahudi, ya mwaka huo, tarehe 11 Septemba. Kurasa ni 2,711, na daf moja ni karatasi nzima, mbele na nyuma. Safari huchukua miaka saba na miezi mitano hivi. Mzunguko wa 14 ulianza tarehe 5 Januari 2020. Wa 15 utaanza tarehe 8 Juni 2027.

Karatasi yenyewe ina sura yake. Katikati kuna Mishna na Gemara, yaani mjadala wa walimu juu ya Mishna, upande wa ndani kuna Rashi, upande wa nje kuna Tosafot, yaani hoja za wajukuu na wanafunzi wa Rashi, ambao mara nyingi hawakubaliani naye. Mpangilio huo ulienea kutoka kiwanda cha uchapaji cha Daniel Bomberg, Mkristo wa Venice, miaka ya 1520. Kwenye karatasi moja wanaongea watu wa karne tofauti, na hakuna aliyenyamazishwa. Rai iliyoshindwa nayo imehifadhiwa.

Ukurasa wa kwanza kabisa, katika Berakhot, unaanza na swali: "Kuanzia saa ngapi husomwa Shema ya jioni?" Mishna inajibu: kuanzia saa ambayo makuhani huingia kula sadaka yao. Haikukuambia kwanza kwamba Shema ni nini wala kwamba ni wajibu. Gemara inashtuka kama wewe: huyu mwalimu amesimama wapi hata aanze na "kuanzia saa ngapi"? Jibu: amesimama juu ya andiko, "ulalapo na uondokapo". Mstari wetu! Na kwa nini jioni imetangulia asubuhi? Kwa sababu andiko limetaja kulala kabla ya kuondoka; tena siku ya uumbaji ilihesabiwa "ikawa jioni ikawa asubuhi". Talmudi yote, bahari ile nzima, imetiwa maji kwa tone la mstari tuliousoma kwenye parasha. Anayeingia Daf bila kuijua Torati husikia majibu ya maswali asiyoyajua.

Ladha ya kiroho ya Daf ni utiifu kwa muda. Ukurasa wa leo ni wa leo. Ukiwa mgonjwa, ukiwa safarini, ukiwa umefilisika, kesho unakuja mwingine. Mwishoni mwa kila kitabu cha Talmudi husemwa maneno ya Hadran, yanayokiambia kitabu kama kwamba ni mtu: tutarudi kwako, nawe utarudi kwetu, mawazo yetu yako kwako, na mawazo yako yako kwetu. Waliolelewa karibu na madrasa za pwani na kuhudhuria hitima ya Kurani wataijua furaha ya siku hiyo bila kuelezwa.

Lakini niseme wazi. Saa moja kwa ukurasa ni haraka mno. Nilianza na mzunguko wa 2020, nikavuka Berakhot, nikavuka Shabbat yenye kurasa zaidi ya 150, na nikaanguka ndani ya Eruvin, kitabu cha mipaka, vichochoro na vipimo vya kuta. Nilikuwa ninapitisha macho ili nisiachwe nyuma, na siku niliyogundua kwamba sikumbuki hata hoja moja ya juzi, niliacha. Wako wanaosema kupitisha macho kwa uaminifu nako ni ibada, na siwapingi; nimeona watu waliobadilishwa na Daf kwa namna ambayo parasha haikuwahi kuwabadilisha. Kwangu mimi haikuwa hivyo.

Havruta: watu wawili, mstari mmoja

Havruta ni neno la Kiaramu, maana yake wenzi. Talmudi, katika Taanit, ina msemo mkali: ama wenzi, ama kifo. Mnakaa watu wawili na maandishi katikati. Mmoja anasoma kwa sauti, kwa kuwa Yoshua aliagizwa kwamba kitabu cha Torati kisiondoke "kinywani" mwake. Mwingine anasimamisha. "Umesema nini hapo? Kwa nini?" Kazi ya mwenzako ni kukupinga mpaka unachosema kisimame, nawe unamfanyia vivyo hivyo. Ukiingia kwenye yeshiva, shule ya Torati, wakati wa masomo utasikia kelele kama za sokoni, na hiyo kelele ndiyo sala yao.

Kitabu cha Avot, ndani ya Mishna, kinasema wawili wakikaa na maneno ya Torati yakawa kati yao, Shekhina, uwepo wa Mungu, hukaa kati yao. Kati yao: pale penye meza, penye ubishi.

Mwenzangu na mimi husoma kwa simu Alhamisi usiku. Tulipofika kwenye mstari wetu nilitaka tupite, kwa sababu tayari nilikuwa na Rashi wangu na ukali wake. Yeye akasimama kwenye "watoto wako". Hajajaliwa mtoto. Akauliza, "Basi mimi amri hii hainihusu?" Nikakosa la kusema, mimi niliyekuwa nimejifunza kutogugumia. Tulifungua tena Rashi, na mstari uleule, sentensi inayofuata ambayo nilikuwa nimeiruka kila mwaka, anasema: watoto wako, hawa ni wanafunzi wako. Mwenzangu amefundisha shule ya msingi miaka kumi na sita. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Soma tena." Nikasoma tena. Parasha ilinipa ukali, naye alinipa maana. Peke yangu nisingeifikia, maana kinyozi hajinyoi.

Walimu wa Talmudi walitumia picha ya chuma kabisa. Mithali inasema chuma hunoa chuma. Rabi Hama bar Hanina alifafanua kwamba ndivyo wanafunzi wawili wanavyonoana. Kwa hiyo veshinantam, "uwanoe", haitekelezeki na mtu mmoja. Panahitajika chuma cha pili.

Na chuma hukata. Hakuna anayepaswa kuchagua havruta bila kuijua hadithi ya Rabi Yohanan wa Tiberia na Resh Lakish. Resh Lakish alikuwa jambazi. Yohanan alimwona nguvu zake, akamwambia nguvu hizo zinafaa Torati, akamwoza dada yake, wakawa wenzi wa kusoma. Siku moja walibishana kuhusu upanga, kisu na mkuki: chombo cha chuma huhesabiwa kimekamilika lini, hata kiweze kunajisika? Yohanan akasema kikitoka tanuruni. Resh Lakish akasema kikiisha kung'arishwa kwa maji. Yohanan, kwa hasira, akamtupia neno: jambazi anazijua zana zake za ujambazi. Jeraha lile halikupona. Resh Lakish aliugua, akafa.

Wakamletea Yohanan mwenzi mwingine, Elazar ben Pedat, msomi hodari. Kila Yohanan aliposema jambo, Elazar alileta andiko la kumuunga mkono. Yohanan akalia: je, wewe ni kama mwana wa Lakish? Yeye nilipokuwa nikisema neno alinipinga kwa hoja 24, nami nikampa majibu 24, na somo likapanuka lenyewe. Wewe unaniambia kwamba nimesema vyema. Sijui kwamba nimesema vyema? Akatembea akirarua nguo zake na kuita, "Uko wapi, mwana wa Lakish?" mpaka akili ikamtoka.

Hilo ndilo jambo la kupima unapochagua mwenzi. Umtafute atakayekupinga, na umlinde kama yai.

Zikiwekwa pamoja

Kwa muda: parasha inataka kama nusu saa kwa siku, Daf kama saa moja bila ruhusa ya kukosa, havruta saa mbili mara moja kwa wiki zinatosha kuanzia. Kwa lugha: Torati unaweza kuisoma kwa Kiswahili leo hii, ila ujue namba za mistari hutofautiana mahali, Mwanzo 31:55 ya Biblia zetu ni 32:1 kwa Kiebrania. Talmudi utahitaji Kiebrania au Kiingereza, na maktaba ya mtandaoni ya Sefaria inatoa yote mawili bure. Havruta inaweza kufanyika juu ya andiko lolote, kwa lugha yoyote mnayoelewana.

Kwa kinachofanyika rohoni, tofauti ni kubwa zaidi. Parasha hukuweka ndani ya hadithi ya Mungu na watu wake. Daf hukuvunja kiburi, kwa sababu kila siku utakutana na usichokielewa. Havruta hukufunza kwamba kweli ina mtu wa pili.

Wapo wasiotoshea popote hapa. Anayependa sheria zilizopangwa vizuri ana Mishne Tora ya Rambam (Maimonides), sura 1,000, ambayo Rebbe wa Lubavitch, kiongozi wa Wahasidi wa Chabad, mwaka 1984 aliipangia mzunguko wa sura tatu kwa siku, au moja kwa asiyeweza. Mwenye dakika kumi ana Mishna mbili kwa siku.

Walimu wenyewe walilijua tatizo la kuchagua. Katika kitabu cha Kiddushin cha Talmudi wanalisoma neno letu kwa mara nyingine: usisome veshinantam, soma veshilashtam, "uyagawe matatu". Mtu agawe miaka yake: theluthi kwa maandiko, theluthi kwa Mishna, theluthi kwa Talmudi. Gemara ikauliza: nani anajua ataishi miaka mingapi? Basi zigawanywe siku.

Je, ni ya kila mtu?

Anayesoma haya na si Myahudi anastahili jibu la kweli. Katika kitabu cha Sanhedrin cha Talmudi kuna kauli kali ya Rabi Yohanan dhidi ya asiye Myahudi kujishughulisha na Torati, na ukurasa huohuo unaleta kauli ya Rabi Meir kwamba hata asiye Myahudi akishughulika nayo ni kama kuhani mkuu, kwa sababu andiko limesema "mtu", halikusema kuhani wala Mlawi. Gemara inayapatanisha kwa kusema hizo ni zile amri saba zinazomhusu kila binadamu. Maoni hayakuishia hapo, na jamii hutofautiana. Uliza rabi wa mahali ulipo, kwa adabu.

Kwa wanawake, Talmudi ilifungwa kwa muda mrefu katika jamii nyingi za jadi, na bado iko hivyo kwa baadhi yao. Kwingine mlango umefunguka: Januari 2020 wanawake zaidi ya 3,000 walikusanyika Yerusalemu kusherehekea kumaliza Daf.

Na kwetu kuna mfano mmoja wa kile ambacho kusoma kunaweza kufanya. Semei Kakungulu, jemadari wa Uganda, alifundishwa na mmishonari kuisoma Biblia kwa Kiswahili miaka ya 1880. Aliisoma, akaisoma tena, na hakukubali kwamba amri za Musa zimepitwa na wakati. Mwaka 1919, huko Mbale, alijitahiri pamoja na wanawe, na kutoka hapo wakatokea Abayudaya, Wayahudi wa Uganda, ambao mpaka leo wanaisoma parasha kwenye vilima vile. Rabi Tarfon na Rabi Akiva walibishana ghorofani mjini Lod ni kipi kikubwa, kusoma au kutenda, na wazee wakaamua: kusoma, maana huleta kutenda. Waswahili wamesema elimu bila amali ni kama nta bila asali. Kakungulu hakuwa na havruta, hakuwa na Rashi. Alikuwa na andiko na wembe.

Basi ushauri wangu. Anza na parasha, sehemu moja kwa siku, lakini usiisome peke yako zaidi ya wiki nne. Ndani ya wiki hizo mtafute mtu mmoja, mpangiane siku, na kila mmoja aje na swali moja asiloweza kulijibu. Mkiisha kumaliza mwaka mzima mkiwa bado mnapigiana simu, ndipo mfikirie Daf. Nasi tunafikiria: mwenzangu ameshatia alama tarehe 8 Juni 2027 kwenye kalenda ya ukutani kwake, na ananiambia safari hii nikifika Eruvin atakuwa hapo.